Muulize Mjomba: Kaseti ya marehemu, wimbo wa sita

Habari za mwezi huu wanangu. Barua zimejaa mpaka zinamwagika, nyingine zimekuja na basi, nyingine mmeniletea mkononi pale kibandani, na kwa bahati tu nyingi zinahusu miziki ya magitaa, sasa sijui mmekaa kikao bila mimi au vipi. Naanza na ya Mikindani maana ndo imenikosesha usingizi.

Mjomba shikamoo. Nakaa Mikindani. Mjomba wangu, kaka yake mama tumbo moja, alifariki mwaka jana. Zamani alikuwa baharia, akakaa Hamburg toka 1989 mpaka 1994 ndo akarudi kushika mashamba ya korosho. Kwa mila zetu vitu vyake vimekuja kwangu mimi mpwa. Kwenye sanduku la bati nimekuta makoti ya baridi, picha za meli na kaseti kama thelathini, nyingi ni Franco na taarab, ila moja imeandikwa Living Colour, Stain, 1993. Nimeiweka nikajua redio imekufa, magitaa yanakwaruza kama mtu anaburuta mabati kwenye lami! Cha ajabu kwenye kile kikaratasi cha ndani kachora nyota kwa biki kwenye wimbo wa sita, Ausländer, na pembeni kaandika MIE. Kijana wa duka la simu kaniambia hizo ni za waabudu shetani nichome. Sasa mjomba hii ni nini, ni mziki au kelele, na marehemu alitaka kusema nini? Mpwa, Mikindani.

Marahaba mpwa wangu na pole sana kwa msiba. Kwanza usichome kitu! Huyo kijana mwambie abaki na vocha zake.

Sasa twende taratibu. Wewe Living Colour, bendi ya rock ya Marekani, unawajua tayari ila hujui kama unawajua. Ushawahi kukaa banda la video ukaangalia mieleka? Yule CM Punk akitoka kuna gitaa linakata kama msumeno wa mbao, watu wanaruka, basi ule wimbo ndo Cult of Personality, wa hawa hawa, umetoka 1988 kwenye albamu yao ya kwanza inaitwa Vivid, ukabeba Grammy ya 1990, tuzo kubwa ya muziki kule Marekani. Albamu ya pili, Time's Up, nayo ikabeba Grammy mwaka uliofuata. Yani walikuwa juu haswa, 1989 wakazunguka Marekani wakiwafungulia shoo Rolling Stones, ile bendi kubwa ya Waingereza, na mwimbaji wao Mick Jagger mwenyewe ndo aliwashika mkono mwanzoni mpaka wakapata kampuni ya kurekodi.

Na hawa ni watu weusi wanne wa New York. Hilo lishike vizuri. Miaka ile makampuni ya muziki ukienda na sura nyeusi wanakuuliza R&B au rap, gitaa la kukwaruza waachie wazungu. Vernon Reid, mpiga gitaa, kazaliwa London kwa wazazi wa Karibiani akakulia Brooklyn, alichoka na hiyo habari mpaka 1985 yeye na wenzake wakaanzisha umoja wao, Black Rock Coalition, kudai tu haki ya mtu mweusi kupiga rock. Mwimbaji ni Corey Glover, ambaye ukiitazama ile sinema ya vita vya Vietnam, Platoon, utamwona ni mmoja wa askari. Drams Will Calhoun. Besi ndo ilibadilika mkono, yule wa kwanza Muzz Skillings aliondoka 1992 akaingia Doug Wimbish, mtu mzima aliyekuwa anapiga kwenye rekodi za Sugar Hill, kampuni iliyotoa rap za mwanzo mwanzo kabisa duniani.

Halafu ndo ikaja hii yako, Stain, Machi 1993.

Hapa ndo penye uchungu mpwa. Vivid ilifika namba 6 kwenye chati kubwa ya albamu Marekani. Stain ikaishia 26, wimbo wake Leave It Alone ukaingia kwenye wanaowania Grammy lakini haukuchukua, na mwanzoni mwa 1995 bendi ikavunjika. Albamu nyingine ya studio hawakutoa mpaka 2003, mwaka ule ule sisi tulipofunguliwa Daraja la Mkapa tukaachana na pantoni ya Rufiji, sasa wewe pima mwenyewe huo ukimya ni wa urefu gani. Kwa hiyo Stain ikabaki kama mtoto wa nje, kila anayeandika habari za bendi anaitaja kwa mstari mmoja, "na baadae wakatoa Stain wakaachana", basi imeisha hiyo.

Kwanini ilipita hivi hivi? Mimi nina maoni yangu na mtu asinibishie hapa. Mwaka 1993 Marekani nzima ilikuwa inasikiliza bendi za rock za upande wa mji wa Seattle, Nirvana wameshapindua meza toka 1991, Pearl Jam, Alice in Chains, ukivaa shati la drafti ukalalamika maisha magumu unauza. Sasa weusi wanne wakikasirika, tena wao wana sababu, watu wanabadili stesheni. Na wale mashabiki wa zamani nao walizoea Living Colour ya kucheka cheka, nguo za rangi rangi, wimbo una funk kidogo na utani kidogo, ghafla wanakutana na kitu kizito kikavu hakina tabasamu. Prodyuza walibadili pia, wakamchukua Ron Saint Germain, yule aliyewarekodi Bad Brains, bendi nyingine ya rock ya weusi, 1986, na unasikia kabisa, sauti zote zimesogezwa usoni kwako, hakuna mapambo.

Basi fanya hivi. Subiri usiku, watoto wamelala, weka upande wa kwanza mwanzo kabisa. Wimbo unaitwa Go Away. Gitaa linaingia zito linarudia rudia kitu kile kile, halafu Corey anaanza kuimba kama mtu aliyekaa kwenye sofa lake huko Marekani: anaona Waafrika wenye njaa kwenye tivii, anasema hayamhusu, anatuma dola zake ishirini kwa Live Aid (lile tamasha la 1985 la njaa ya Ethiopia) na hapo anakuwa amelipia dhamiri yake imtoke. Mimi nilipouelewa huo ubeti nilizima redio nikakaa kimya. Kwa sababu tumezoea kuimbwa na watu kwa huruma, we are hivi we are vile, kumbe kuna jamaa mweusi mwenzetu huko anawaumbua wanaotuhurumia! Na anaimba kwa mdomo wa yule yule anayemsema, haonyeshi kidole, anakuachia wewe mwenyewe uone aibu. Mpaka leo sijasikia wimbo wa kizungu uliotusema sisi bila kutudhalilisha kama huo.

Haya, sasa wimbo wa sita.

Ausländer ni Kijerumani, maana yake mgeni, mtu wa nje ya nchi. Ila namna linavyotamkwa mtaani ndo shida, ni kama sisi tukisema "wa kuja", neno lenyewe halina kosa lakini linategemea mdomo. Marehemu aliishi Hamburg kipindi kibaya. Ukuta wa Berlin umeanguka 1989, Ujerumani mbili zimeungana 1990, kazi zimekufa upande wa mashariki, vijana wana hasira wakazimalizia kwa wageni. Hoyerswerda Septemba 1991 walivamia mabweni ya wafanyakazi, na wengi waliokuwa mle ndani walikuwa wametoka hapo ng'ambo ya Ruvuma tu, Msumbiji, watu ambao lugha yao na yetu wengine ni moja. Rostock Agosti 1992 wakachoma jengo wanaloishi Wavietnam huku majirani wamesimama wanapiga makofi. Novemba mwaka huo Mölln, nyumba ya familia ya Kituruki ikachomwa usiku, wakafa watatu, na Mölln sio mbali na Hamburg, ni pungufu ya wewe kutoka Mikindani mpaka Lindi mjini hapo. Miezi minne baadae, Machi, ndo hiyo kaseti inaingia madukani ina wimbo unaitwa hivyo, unapigwa na watu wenye rangi yake. Mpwa, yeye kaandika MIE. Mimi siongezi neno.

Labda niongeze la kwetu. Kaseti yangu mimi ya Stain niliinunua Kariakoo 1996, kwa kijana kapanga kaseti kwenye ubao kifuani, namuuliza kwenu wapi ananiambia Lindi. Tukacheka. Maana hata hilo jina machinga wanaloitwa wauza vitu wa mkononi Tanzania nzima wengi tunajua limetokana na Wamachinga, kabila la huko huko Lindi, vijana waliopanda malori wakaenda Dar kutafuta maisha, jina la kabila la watu likageuzwa jina la kazi na baadae likawa kama tusi la kufukuzana na mgambo. Yani mtu wa kusini hahitaji kwenda Hamburg kujua Ausländer maana yake nini, anashuka tu kwenye basi ameshika boksi, akifungua mdomo lafudhi inamtangulia.

Unauliza ni mziki au kelele. Nikuulize na mimi, ushawahi kuangalia mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde? Sio ya kwenye sherehe za viongozi, ya kijijini, ya jando. Yule aliyevaa lipiko, yani kinyago, anakuja kwa hatua ndogo ndogo, ngoma zinamfuata au yeye anazifuata huwezi kujua, zinapanda, zinapanda, halafu PA! mguu na ngoma vinasimama sekunde moja, kimya, kinamama wanapiga vigelegele, halafu zinaanza tena sehemu usiyotegemea. Sasa mtu asiyezoea akipita barabarani atasema ni makelele ya Wamakonde. Rudi kwenye kaseti, usisikilize gitaa kabisa, sikiliza mguu wa Will Calhoun kwenye lile dram kubwa na besi ya Wimbish tu, jinsi wanavyokata pamoja na kuanza pamoja. Ukishaishika hiyo, magitaa yanajipanga yenyewe juu yake na utashangaa ulikuwa unasikia mabati. Reid akipiga solo ndo utaona kama anaanguka ngazi, ni kweli anaanguka ila anaanguka kwa makusudi, huyo katokea kwenye jazi.

Halafu kuna Nothingness. Huu ndo nitakufa nao. Aliuandika mpiga drams, na hauna kelele hata chembe, taratibu, besi inatembea chini kama maji yanavyotoka pale bandarini maji yakikupwa, Corey anaimba kwa sauti ya mtu aliyebaki peke yake. Umewekwa katikati ya albamu yenye hasira na ndo unagundua hasira yote ile ilikuwa ni huzuni imevaa koti.

Ila nisikudanganye, sio yote dhahabu. WTFF ni kama wamesahau kuzima mashine. Hemp ni maneno tu yanasemwa, mimi huwa naisogeza mbele. Never Satisfied ni ya kawaida, angeweza kuipiga yeyote. This Little Pig inakimbia mno, dakika unazimia, wengine wanaipenda hiyo kuliko zote na ni haki yao. Wall ya mwisho, inayoongelea kuta kati ya watu, inafunga vizuri. Nyimbo kumi na tatu zote, ukitoa mbili tatu inabaki albamu ambayo nikiiweka na Vivid mezani nachukua hii, na najua nabaki peke yangu na sijali.

Ukimaliza kuisikiliza niandikie tena. Na hicho kikaratasi kitie kwenye nailoni, wino wa biki unafutika na chumvi hii ya bahari.

Mjomba, mwanangu wa form four kafuga nywele anasikiliza rock masikioni usiku kucha, jirani kaniambia ni dini ya shetani. Nifanyeje? Mama wa Mtanda, Lindi.

Dada yangu, wapo wanamuziki wa rock waliotumia picha za shetani ili wauze, hilo lipo, kama wapo wa bongo flava wanaotumia vitu ambavyo wewe na mimi hatuwezi kuvitaja kwenye gazeti. Sio wote. Muombe spika moja ya sikio, kaeni wote mkekani, akutafsirie anachosikiliza. Akishindwa kutafsiri mnyang'anye simu, sio kwa sababu ya shetani, kwa sababu ya kiingereza cha mtihani. Nywele mwalimu wa zamu atashughulika nazo.

Mjomba na wewe umezidi. Juzi pale Mnarani nilikusikia unasifia rock, mambo ya wazungu hayo, Mwafrika na rock wapi na wapi? Tuna sindimba yetu. Mzalendo, Masasi.

Mzalendo, sindimba naipenda na kiuno ndo hakitaki tena. Lakini rock umewapa bure watu ambao sio wenyewe. Sister Rosetta Tharpe, mama mweusi wa kanisani, alikuwa anapiga gitaa la umeme kabla Elvis hajajulikana hata kwa majirani zake. Chuck Berry mweusi, Little Richard mweusi, Jimi Hendrix mweusi. Ndo maana hao kina Living Colour ilibidi waunde umoja kudai kitu cha babu zao, kama mtu anayeenda kuomba ruhusa kuingia shamba la mjomba wake.

Na usiende mbali, nenda Zambia hapo. Miaka ya 70 vijana wa migodini kule walikuwa na magitaa yao ya kukwaruza, bendi kama WITCH, na mtindo una jina kabisa, Zamrock. Botswana mpaka leo kuna mashabiki wa metal, rock nzito kabisa, wanavaa ngozi na makofia ya kicowboy kwenye jua lile, wewe kwenye shati tu unalalamika. Kwa hiyo nikisifia rock pale Mnarani nipigie makofi.

Mjomba habari. Kaseti zangu za zamani zinalia kama panya na nyingine sauti imefifia. Kuna dawa? Fundi Mchanga, Nachingwea.

Ipo. Kwanza usilaumu kaseti kabla hujasafisha redio. Chukua pamba na spiriti, futa hedi, kile kichuma kinachogusana na kanda, mpaka pamba itoke nyeupe, futa na ile rola nyeusi ya mpira, maana ikishika uchafu ndo inakula kanda. Ikikauka ndo ujaribu. Kama bado inalia, toa kaseti ingiza biki kwenye tundu, izungushe mpaka mwisho halafu irudishe mpaka mwanzo, kanda inakuwa imelala upya. Sauti ikififia angalia kile kisponji kidogo katikati, cha kukandamiza kanda kwenye hedi, gundi yake ikizeeka kinadondoka, hapo hamna njia, tafuta kaseti nyingine ya skrubu isiyo na kazi, fungua zote mbili, hamishia kanda yako humo. Taratibu, fanya juu ya shuka, skrubu zile zikidondoka kwenye mchanga zimeenda.

Ukiona ukungu mweupe pembeni ya kanda usiipige kabisa, utahamishia kwenye hedi na kaseti nyingine zote zitaugua. Huku pwani hilo ni kawaida, zihifadhi zimesimama, mbali na spika maana ina sumaku, na mbali na dirisha la baharini. Marehemu wa Mikindani aliweka kwenye sanduku la bati na ndo maana mpwa wake bado anasikia mabati ya miaka ile.

Mjomba, Mtwara kuchele! Ushawahi kusema hapa una kaseti ya Living Colour. Nina korosho za kubangua kilo tano, daraja la kwanza, nzima nzima. Tubadilishane. Mpenda Haki, Chikongola.

Kuchele. Kaseti haitoki. Korosho lete tuongee mengine.